Ukuta kwa Ukuta: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tanki, LUKU, Makaro na Gari la Shule

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka pembezoni mwa Dar es Salaam: Goba, Madale, Kimara, Kinyerezi. Ni mitaa ambayo saa nne asubuhi husikii ila jogoo na muuza mboga. Karibu kila barua inamlalamikia mtu. Tulipozisoma vizuri, tuliona nyingi zinahitaji ndoo, kijiti cha kupimia au risiti kabla ya kikao cha familia.

Tuko sita nyumbani. Maji ya bomba hutufikia kila baada ya siku tano, mara nyingi usiku, tena yanakuja kwa kusinzia. Simtanki letu la lita 1,000 liko juu ya mnara na siku ya tatu halifiki. Baba watoto anataka tulishushe tuweke la lita 5,000 palepale. Mimi nauhofia mnara. Nani yuko sahihi? – Mama wa wanne, Goba

Hofu yako ni ya haki, na yeye pia hajakosea kusema lita 1,000 hazitoshi. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Mnara uliojengwa kubeba tani moja hauwezi kuongezewa nne kwa dua.

Kwanza pimeni matumizi. Jazeni tanki hadi juu, fungeni koki ya kuingizia, ishini kama kawaida, kisha mwandike limedumu muda gani. Likidumu siku mbili na nusu, mnatumia lita 400 kwa siku, yaani kama lita 67 kwa kila mtu. Hayo si matumizi ya fujo kwa nyumba yenye vyoo vya kuflashi. Siku tano zinataka lita 2,000. Ongezeni siku mbili kwa ajili ya mgao kuchelewa au wageni kutoka mkoani, mtafika lita 2,800. Nunueni tanki la lita 3,000 likae chini, na lile la 1,000 libaki juu.

Kuliweka chini kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Ili maji yapande mita nne hadi mnarani, bomba la mtaani linahitaji msukumo wa karibu 0.4 ba (ba ni kipimo cha msukumo). Yakija kwa kusinzia hayapandi, nanyi mnadhani hayajaja kabisa. Tanki la chini hupokea hata yanayochuruzika usiku kucha. Kukicha, pampu ya HP 0.5 hujaza tanki la juu kwa chini ya saa moja na kwa umeme usiofika nusu uniti.

Mambo yanayoharibika ni yaleyale kila nyumba. Tanki huwekwa juu ya mbao zenye nafasi katikati, kitako kinabonyea na kupasuka. Liwekeni juu ya zege tambarare, kitako chote kiguse. Pampu huachwa ikizunguka tanki la chini likiwa tupu, sili yake inayozuia maji kuvuja inaungua, kwa hiyo mwambieni fundi aweke boya la umeme la kuizima. Bomba la kufurikia nalo liwekewe wavu mdogo, la sivyo mtafuga mbu. Na tafadhali, pampu isifungwe moja kwa moja kwenye bomba la mtaani. Inamnyima jirani maji, na kama bomba lina ufa mahali fulani inavuta tope na uchafu hadi jikoni kwenu.

Safisheni kila baada ya miezi sita, tanki likiwa limebaki maji kidogo. Sugueni kuta kwa brashi na mtoe tope lote. Kisha chukueni ndoo ya lita 20 ya maji safi, mtie nusu kikombe cha dawa ya klorini ya kufulia ya asilimia 3.5 (mililita 120 hivi), mpake kuta zote, msubiri nusu saa, msuuze na kumwaga. Mfuniko uachwe wazi wakati wa kazi, na dawa hiyo isichanganywe kamwe na ile ya tindikali ya kusafishia choo: hutoa gesi inayokaba pumzi. Maji ya kunywa endeleeni kuyachemsha.

Nyumba ya uani anakaa shemeji yangu na mkewe. Tunatumia LUKU moja (mita ya umeme wa kulipia kabla), wao wanachangia shilingi 10,000 kwa mwezi. Tangu waweke hita ya bafuni umeme hauchukui wiki, lakini tukigusia wanasema friji letu ndilo linalokula. Tufanyeje bila kuvunja undugu? – Msomaji, Kimara

Uniti moja ni kifaa cha wati 1,000 kikifanya kazi saa moja. Ukijua hilo, ubishi unapungua. Wati zimeandikwa nyuma ya kila kifaa. Zizidishe kwa saa, ugawanye kwa 1,000. Feni ya wati 60 ikizunguka kwa muda wa saa nane haifiki nusu uniti. Friji la kawaida la familia hula kama uniti moja hadi moja na nusu kwa siku, na linazidisha likifunguliwa ovyo au mpira wa mlango ukilegea. Hita ya bafuni ya wati 4,500 ikitumika dakika kumi ni uniti 0.75. Watu wawili wakioga asubuhi na jioni ni uniti tatu kwa siku, 90 kwa mwezi. Shemeji ana jambo la kujibu, ingawa huenda yeye mwenyewe hajui.

Hesabu za vifaa hata hivyo zinamlazimu mtu kukiri saa alizooga, na hapo ndipo undugu unapoharibika. Wekeni mita ndogo ya kusomea kwenye waya unaokwenda uani. Ni kazi fupi kwa fundi mwenye leseni, naye akague kwanza kama waya huo unastahimili hita. Wati 4,500 huvuta karibu ampia 20, na waya mwembamba wa soketi hupata moto ndani ya ukuta. Mita isomwe tarehe mosi, nyote wawili mkiwepo, na namba iandikwe kwenye daftari.

Bei ya uniti msiikisie. Chukueni risiti za miezi mitatu, ondoeni kodi ya majengo, jumlisheni fedha iliyobaki, mgawanye kwa jumla ya uniti. Kodi hiyo, inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021, ni mzigo wa mwenye nyumba, haimhusu wa uani. Pampu ya maji na taa ya geti vibaki upande wa nyumba kubwa, kisha mkubaliane mgawo wake.

Zaidi ya hapo, fikirieni kumwombea shemeji LUKU yake. Bei ya watumiaji wadogo ni ya wale ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi, na nyumba mbili zikiwa kwenye mita moja ni shida kubaki humo.

Kila masika makaro ya jirani yanafurika na maji yanapenya chini ya ukuta hadi kwetu, na ninashuku mvua ikikolea anatapisha makusudi, yaani anayafungulia majitaka yatiririke nje. Kisima chetu kipo upande huohuo. – Baba wa watatu, Madale

Yapo mambo mawili humo. Kutapisha ni kosa na ni njia ya kipindupindu. Lakini kufurika kila Machi hadi Mei mara nyingi kuna sababu ya kifundi, na jirani anayeelezwa sababu husikiliza kuliko anayeitwa mchafu.

Tazama kwanza maji ya paa lake yanakwenda wapi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 6,000. Watu wengi hulielekeza bomba la gata kwenye shimo la kunyonya, lile linalopokea maji ya makaro na kuyaachia udongoni, na mvua moja tu inalijaza. Gata lihamishiwe kwenye tanki au mfereji.

Pili, tope. Chumba cha kwanza cha makaro kazi yake ni kutuliza uchafu mzito. Jirani atumbukize mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe, auache dakika chache, autoe polepole: alama nyeusi itaonyesha kina cha tope. Likifika theluthi ya kina, gari la majitaka liitwe. Akingoja hadi choo kigome, tope litakuwa limeshaingia kwenye shimo la kunyonya na kuziba udongo, na shimo hilo halifufuki kwa kunyonywa. Ni kuchimba jingine. Aite gari Januari au Februari, kabla foleni haijawa ndefu.

Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la maji taka. Chenu kikiwa karibu zaidi, maji yake yawe ya kufulia na kumwagilia tu. Asipobadilika baada ya kuongea naye, nenda kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, na umwombe afisa afya wa kata afike kuona. Piga picha zenye tarehe siku ya mvua.

Mtoto wangu ana miaka sita. Gari la shule linapita saa 11:30 alfajiri, lakini hulala saa nne usiku kwa kumsubiri baba yake. Mwalimu anasema anasinzia darasani. – Mama, Kinyerezi

Umri huo unahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Akiamka saa 11 kamili, awe amelala saa 2 usiku, tena hapo ni kima cha chini. Rudisheni muda nyuma kwa robo saa kila siku mbili. Mkimrudisha nyuma kwa saa mbili nzima kwa mkupuo atalala macho. Kazi za shule zifanywe akishaoga, chakula saa 12:30, televisheni izimwe saa 1.

Baba achukue zamu ya alfajiri: kumvisha, uji uliowekwa kwenye chupa ya chai tangu usiku, kumfikisha getini. Hiyo ni nusu saa ya uhakika, kuliko dakika kumi za usiku mtoto akiwa hoi. Mwombeni pia msimamizi wa gari kwamba anayechukuliwa wa kwanza alfajiri ashushwe wa kwanza jioni. Shule nyingi hazifanyi hivyo kwa sababu hakuna mzazi aliyeuliza.

Mbwa wa jirani amemparuza mwanangu kwa jino, jeraha dogo tu. Tumelipaka dawa. Inatosha? – Goba

Haitoshi, kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, hata kama saa kadhaa zimepita, kisha mwende kituo cha afya leo hii. Msipake majivu, kitunguu wala mafuta, na msilifunge kwa kubana. Mwombeni jirani cheti cha chanjo ya kichaa ya mbwa wake, inayotakiwa kurudiwa kila mwaka, lakini msingoje cheti ndipo mwende. Mbwa asiuawe. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibadilika tabia, akidondosha mate au akifa, mwarifuni daktari wa mifugo wa kata na kituo kilichomhudumia mtoto siku hiyohiyo.