Imeachwa raundi 50, mbona wanashangilia?

SWALI: Mhariri sasa. Mwezi wa kwanza, Jumapili usiku, nilikuwa kwa kinyozi hapa Donholm na kwa TV kulikuwa na mbio za magari za Daytona kule Marekani, zile za masaa 24. Gari la kwanza likamaliza, wakashangilia, sawa. Alafu naona madereva wa gari lingine wanakumbatiana wakiruka ruka na hilo gari limeachwa raundi zaidi ya 50! Nikasema hizi mbio zimepangwa, kinyozi akaniambia sijui kitu, tukawekeana soda. Nani anunue? – Msomaji, Donholm

JIBU: Nunua wewe, na iwe baridi.

Uliona mbio nne zikikimbiwa barabara moja. Hiyo ni IMSA, shirika la Marekani linaloandaa hizi mbio, ubingwa wenyewe unaitwa WeatherTech SportsCar Championship, na kuna klasi nne, kila moja na mshindi wake: GTP, LMP2 (pia za mbio tu, ila polepole kidogo kuliko GTP), GTD Pro na GTD. Si umeona siku ya marathon hapa Nairobi, wa kilomita 42 na wa 21 wanakanyaga lami ile ile lakini kila mtu na medali yake? Ndo hivyo.

GTP ndo wanyama wenyewe, zimeundwa za mbio tu, huwezi endea maziwa nayo, nguvu ya farasi kama 670 na nyingi ni haibridi, utaona Porsche, Cadillac, BMW, Acura. Zile za GTD angalau zinafanana na gari la mtu tajiri wa Karen, Ferrari, Mustang, Corvette. Raundi moja ya Daytona ni karibu kilomita 5.7 na GTP inaokoa kama sekunde 10 hivi kila raundi, sasa piga hesabu masaa 24 uone kama hizo 50 ni za ajabu.

Utamu uko kwa kupitana bana. Wewe uko na GTD yako usiku unapigania nafasi ya tatu, nyuma inakuja GTP inakuwashia mataa kama matatu ya Thika Road, ukimpisha vibaya unapoteza nafasi yako, ukikaza mnagongana wote, na yeye pia ana mtu anamfukuza. Hiyo usiku kucha.

GTD na GTD Pro magari ni yale yale, tofauti ni watu. Madereva wanapangwa kwa uwezo, kutoka juu platinamu, dhahabu, fedha na chini shaba, na kwa GTD lazima timu iwe na angalau mmoja wa fedha au shaba, na hao wa shaba wengi ni watu na biashara zao, wikendi ndo wanavaa helmeti. Mimi hao ndo huwa naangalia, wa platinamu wanalipwa wasikosee.

Kuhusu kupangwa, shuku yako ina miguu kidogo. IMSA huongezea magari uzito ama kupunguza nguvu ili kampuni moja isitoroke na kila kitu, na mashabiki hulalamika kila mwaka. Alafu ajali ikitokea gari la usalama linaingia mbele kupunguza mwendo, wote wanabanana nyuma yake, ile dakika nzima ya kuongoza uliyotafuta masaa matatu imeisha hivyo tu. Lakini mshindi hapangwi. Mwaka wa 2016 Corvette mbili za timu moja zilipigana hadi mwisho kwa klasi yao, na baada ya masaa 24 zikatenganishwa na sekunde 0.034, na mabosi ni wale wale! Nani apange kitu kama hiyo?

Ukitaka kurudisha soda yako ngoja mbio za Sebring, Marekani pia, mwezi wa tatu, masaa 12 kwenye kiwanja cha zamani cha ndege za jeshi, simiti imejaa matuta inavunja magari vibaya. Inaanza saa kumi na moja jioni hivi yetu, inaisha alfajiri ya Jumapili, kwa hivyo tafuta TV nyingine, kinyozi atakuwa amefunga kitambo.