Maswali Yenu: Mume mmoja, majibu mawili ya mbegu

SWALI: Mimi na mume wangu tumekaa mwaka mmoja na nusu bila mimba. Maabara ya kwanza ilisema ana mbegu milioni 9 kwa mililita. Wiki tatu baadaye, kituo cha utafiti wa afya ya uzazi cha chuo kikuu kikasema milioni 24. Nani amekosea?
– Mke mwenye wasiwasi

JIBU: Dada, inawezekana kabisa hakuna aliyekosea. Mbegu za mwanaume yuleyule hupanda na kushuka sana hata akiwa mzima wa afya, na ndiyo maana hatukubali mtu aitwe mgumba kwa karatasi moja.

Kabla ya kulinganisha majibu hayo, muulize mume wako alijizuia siku ngapi kila mara. Inatakiwa siku 2 hadi 7. Aliyekaa siku moja na aliyekaa sita hawalinganishwi. Muulize pia kama kuna kilichomwagika. Shahawa zinazotoka mwanzo ndizo zenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo zikikosa kikopo hesabu inaanguka. Wanaume wengi huona haya kulisema hili, na daktari anaishia kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Lililobaki ni la maabara. Shahawa zikitoka huwa nzito kama uteute, zinaachwa ziyeyuke, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Zisipochanganywa vizuri kabla ya kuchotwa, tone moja linaweza kuwa na mbegu tele na jingine likawa na chache. Tone hilo huwekwa kwenye kioo chenye miraba midogo, na mtaalamu anahesabu kwa darubini mraba baada ya mraba. Akihesabu mbegu 25 tu, kosa la bahati nasibu ni kama asilimia 20. Akifikisha 400, linashuka hadi asilimia 5. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la sita la mwaka 2021, unataka zihesabiwe angalau 200, kisha 200 nyingine kutoka tone la pili. Hesabu mbili zikipishana mno, zote hutupwa na kazi inaanza upya. Ni kazi ya kuumiza macho, na penye foleni ndefu hurukwa. Kituo cha utafiti hakina ruhusa ya kuiruka, maana utafiti wake wote umesimama juu ya hesabu hiyo.

Mwongozo huohuo unaweka mpaka wa chini kuwa milioni 16 kwa mililita, au milioni 39 kwa shahawa zote za mara moja, na asilimia 30 ziwe zinaogelea kwenda mbele. Zenye umbo kamili zinatosha asilimia 4. Msitishike mkiona asilimia 96 zina kasoro. Mipaka hii ilitokana na wanaume waliowapa wake zao mimba ndani ya miezi 12, na kati yao asilimia 5 walikuwa chini ya mpaka. Aliye chini yake, basi, kazi yake ni ngumu zaidi, lakini mlango haujafungwa.

Kama aliugua homa kali karibuni, au anachoma sindano za homoni za kujenga misuli, aseme. Mbegu huchukua siku 70 na ushee kutengenezwa, hivyo homa ya leo inaweza kuonekana kwenye kipimo cha miezi miwili au mitatu ijayo. Sindano hizo zinaweza hata kuzimaliza mbegu kabisa. Na wewe, dada, upimwe sasa hivi, yai na mirija, usisubiri mpaka ya mumeo yaishe.

SWALI: Naruhusiwa kutoa sampuli nyumbani?
– Msomaji

JIBU: Ndiyo, kama utaifikisha ndani ya saa moja, nusu saa ni bora. Tumia kikopo walichokupa, kwa sababu wamekwisha kukipima uzito kikiwa kitupu: gramu moja iliyoongezeka wanaihesabu kama mililita moja. Osha mikono na uume, kausha. Usitumie mate, mafuta wala sabuni, na kondomu ya kawaida usiiguse, maana huua mbegu. Kibebe mfukoni karibu na mwili, kisipoe wala kuwekwa juani. Andika saa uliyotoa.

SWALI: Nilisaini kushiriki utafiti wa njia mpya ya uzazi wa mpango. Sasa nataka kutoka. Je, wataninyima matibabu?
– Aliyesita

JIBU: Hawaruhusiwi. Saini yako si mkataba wa kukufunga. Unatoka siku yoyote, bila kutoa sababu, na huduma zako za kawaida zinaendelea. Nakala ya fomu ya ridhaa unapaswa kuwa nayo nyumbani, na ndani yake iwemo namba ya kamati ya maadili, ambayo si ya watafiti wenyewe. Ukiona unashinikizwa, wapigie hao.

Tunakuomba jambo moja tu: usipotee kimya. Kama una kipandikizi mkononi, lazima kitolewe na mtu anayejua kilipo. Kama ulichomwa sindano, dawa bado imo mwilini na wanahitaji kujua ikikudhuru. Kama hujui uliwekwa kundi la dawa au la ulinganisho (wasiopewa dawa inayojaribiwa), uliza siku hiyohiyo utajikingaje na mimba kuanzia sasa. Uliza pia damu yako iliyohifadhiwa itafanywa nini. Unaweza kuomba iharibiwe. Ombi hilo liandike, nakala ubaki nayo.