Umestaafu na unataka kupanda meli ya kitalii? Linganisha siku zako, sio bei ya kwenye tangazo

Wiki hii maswali karibu yote ni ya kruzi, yaani safari za meli za kitalii. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wenu mmeuliza hilohilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mke wangu tumestaafu, wote tuko kwenye 67 hivi. Wakala katuletea ofa mbili za Mediterania. Ya kwanza meli kubwa sana, usiku 7, bandari 6. Ya pili meli ndogo ya watu wazima tupu, usiku 10, bandari 7, ila nauli ni karibu mara mbili. Watoto wanasema tuchukue ya bei chee, mke wangu anaitaka ya pili, mimi niko katikati. Tunalinganishaje?

JIBU: Shikamoo mzee, na mama mfikishie shikamoo yake. Watoto waambie wasubiri kidogo, hesabu bado haijapigwa. Bei ya kwenye tangazo ni ya mtu mmoja mkilala wawili kabini moja, na mara nyingi ni ya ile kabini ya ndani isiyo na dirisha, sasa juu yake kuna kodi na tozo za bandari kama hazijaingizwa humo, kuna tipu ambazo meli nyingi zinakata kila siku kwa kila kichwa moja kwa moja kwenye akaunti yako, kuna vinywaji, intaneti, matembezi ya bandarini, ndege ya kwenda na kurudi, usiku mmoja wa hoteli kabla ya kupanda, na bima. Ofa zote mbili ziandikie orodha hiyohiyo, jumlisha, alafu gawa kwa idadi ya usiku. Usigawe kwa siku, maana tangazo la "siku 8" kwa kawaida ni usiku 7.

Tuchukue namba za mfano tu. Tuseme nauli ya meli kubwa ni 100 na ya ndogo ni 190. Ukigawa unapata 14 na kitu kwa usiku kwa meli kubwa, na 19 kwa ndogo. Pengo limeshapungua kabla hata hatujafika mbali. Sasa tuseme ile ndogo nauli yake imeshabeba tipu, intaneti na tembezi moja kila bandari, na kwenye kubwa vitu hivyo mnavilipia wenyewe, tipu 12, intaneti 10, matembezi 36. Jumla 158, gawa kwa 7, inakuja 22 na nusu. Hapo ya "bei chee" ndiyo imekuwa ghali! Lakini msikimbilie kumpa mama ushindi, kwa sababu kama nyie sio watu wa intaneti na mnashuka kutembea wenyewe, mnabaki na 112, ambayo ni 16 kwa usiku, na watoto wanakuwa sahihi. Ndio maana mtu akinambia meli fulani ni rahisi namuuliza rahisi kwa nani, anayetumia nini.

Hilo ni la pesa, na kwa umri wenu mimi naliweka la pili. La kwanza ni siku yenyewe itakavyokwenda. Kwenye ratiba wanaandika Roma, lakini meli haifiki Roma, inafunga Civitavecchia, kama kilomita 80 kutoka mjini. Wakiandika Florence ni Livorno, kilomita 90 hivi. Wakiandika Paris ni Le Havre, karibu kilomita 200, na "Berlin" ni Warnemünde ambako ni mbali zaidi ya hapo. Sasa meli ikifunga saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 usiku mnaona mna saa 12, kumbe toa muda wa kushuka, toa saa moja na nusu ya basi kwenda na nyingine kurudi, na mnatakiwa mmeshapanda nusu saa au zaidi kabla haijang'oa nanga. Mkibakiwa na saa 7 za mji mmefanya vizuri, na zote za kutembea kwa miguu kwenye mawe. Kesho yake bandari nyingine, keshokutwa nyingine. Bandari 6 ndani ya usiku 7, mkihesabu na ile ya kupandia, maana yake mna siku moja tu ya kupumzika baharini, wakati kwenye ile ya usiku 10 mna kama 3. Kijana anaiona siku ya baharini kama hasara, ila mtu wa 67 aliyetoka kuzunguka Roma juzi na Florence jana anaisubiri kwa hamu.

Ukubwa wa meli nao upime kwa miguu. Icon of the Seas iliyoanza safari Januari 2024 ina urefu wa mita 365 na inabeba abiria 5,610 wakihesabiwa wawili kila kabini, na ikijaa kabisa wanapita 7,000. Kuna watu wanalipenda hilo, burudani haziishi, na kwa wastaafu wanaosafiri na wajukuu sijui mahali pazuri zaidi. Ila kabini ikiwa nyuma na chumba cha kulia kikiwa mbele, hiyo ni safari, asubuhi, mchana na jioni. Meli za watu wazima tupu zimetulia zaidi. Kampuni ya Viking hawachukui walio chini ya miaka 18, na meli zao za baharini zina abiria chini ya 1,000. Saga ya Uingereza wanalenga waliofika 50, na P&O Cruises wana Arcadia na Aurora ambazo hazipandishi watoto. Usiku lakini kunapoa mapema, kama mzee bado unacheza muziki mpaka saa 7 usiku ujue utabaki na wahudumu.

Kwa hiyo chukueni ratiba zote mbili, mkae na mama, andikeni kila siku saa ya kufika, saa ya kuondoka, umbali wa kutoka bandarini mpaka mnapotaka kwenda, na meli inafunga gatini au inawashusha kwa boti ndogo. Mkimaliza tu hiyo karatasi mtajua. Kwa mlivyoeleza, kura yangu naona inaenda kwa mama, lakini piga hesabu kwanza.

Na kama ni watu wa viza, angalieni nchi za kwenye ratiba kabla ya kulipa dipoziti. Meli ikitoka Italia ikaingia Uturuki alafu ikaenda Ugiriki, mmetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, mkarudi, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Karatasi zikipungua mnakataliwa palepale gatini na nauli hairudi.

SWALI: Mimi ni mjane, watoto wameshajitegemea, nina pensheni yangu na nataka kusafiri. Kila nikiomba bei naambiwa nilipe ya watu wawili. Hii ni haki kweli?

JIBU: Mama yangu, haki sio, ila ndivyo biashara ilivyojengwa. Kabini wanaiuza kwa vichwa viwili, ukilala peke yako wanakuongezea hadi asilimia 100 ya nauli. Njia za kuzunguka zipo. Kuna kabini za mtu mmoja zilizojengwa hivyo tangu mwanzo, Norwegian Cruise Line walizipa umaarufu mwaka 2010 kwenye meli yao Norwegian Epic na kampuni nyingine wakafuata. Ni ndogo na nyingi hazina dirisha la kuona bahari, na zinaisha haraka mno, kwa hiyo ulizia mwaka mzima kabla. Njia ya pili ni kuvizia safari ambazo hazijai, hapo kampuni hushusha ile nyongeza ikawa asilimia 50 au 25 na mara nyingine wakaifuta kabisa.

Safari ambazo mara nyingi hazijai ni zile za kuhamisha meli. Meli nyingi zinakaa Caribbean wakati wa baridi na Ulaya wakati wa joto, kwa hiyo kila Aprili na Mei zinavuka Atlantiki kwenda upande mmoja, na kuanzia Oktoba zinarudi. Nauli yake kwa usiku huwa chini sana kwa sababu mtu wa kazini hapati likizo ya wiki mbili kukaa baharini tu, lakini wewe mama una muda, na muda ndio utajiri wa mstaafu ambao mabenki hayajui kuuhesabu. Angalizo, safari ni ya upande mmoja, tiketi ya ndege ya upande wa pili iingize kwenye hesabu. Ukienda kuelekea magharibi saa zinarudishwa nyuma, usiku kadhaa unapata saa moja ya ziada ya kulala, ukielekea mashariki unanyang'anywa. Mimi ningechagua magharibi.

Kuhusu kuwa peke yako, meli nyingi zina mikutano ya wanaosafiri wenyewe na unaweza kuomba meza ya pamoja wakati wa chakula. Hutakosa watu wa kuongea nao, labda utakosa pa kuwakimbia.

SWALI: Nina miaka 74, magoti yananisumbua, natumia dawa za presha, na nikipanda hata boti ndogo nachafukwa tumbo. Mume wangu anataka twende Alaska. Niende au nimwache aende?

JIBU: Nenda bibi, ila mpange kwa ajili yako wewe na sio yeye. Kwanza tumbo. Omba kabini ya katikati ya meli na staha ya chini, hapo mtikisiko ni mdogo kuliko mbele au juu, na wala sio ghali, watu wanalipia zaidi kwenda juu ambako kunayumba. Alaska yenyewe sio mbaya, njia ya ndani kati ya visiwa imetulia. Meli zinazoanzia Vancouver zinapita zaidi humo, zinazoanzia Seattle kwa kawaida zinapita nje ya kisiwa cha Vancouver kwenye bahari wazi, kwa hiyo kwa tumbo lako mimi nasema Vancouver. Kile kiplasta cha kuzuia kuchafukwa, cha kubandika nyuma ya sikio, usinunue tu kwa kuambiwa na jirani, kwa wazee kinaweza kuleta kuchanganyikiwa na kwa wenye shinikizo la macho ni hatari, muulize daktari wako ukiwa na orodha ya dawa zako zote mkononi.

Magoti sasa. Bandari ambazo meli inatia nanga mbali na abiria wanashushwa kwa boti ndogo ndizo za kuogopa, unakanyaga boti inayopanda na kushuka na mawimbi, na bahari ikichafuka wanafuta kabisa. Kwenye ratiba huwa kuna alama, ukikosa uliza. Kama mtatumia kiti cha magurudumu, kabini zenye milango mipana ni chache kwenye kila meli, na kile cha umeme lazima kilale ndani ya kabini, korido hairuhusiwi.

Dawa beba kwenye mkoba wa mkononi, zizidi siku za safari, na cheti cha daktari. Kwenye meli kuna daktari na zahanati lakini sio hospitali, ukizidiwa wanakutuliza mpaka bandari inayofuata, na bili inaingia kwenye akaunti yako. Hapo ndipo bima inapoingia, na usichukue ile ya kurudisha nauli tu, taka yenye matibabu na gharama ya kukuhamisha hospitali, helikopta ikiwemo, na wenye presha soma kabisa wanasemaje kuhusu ugonjwa uliokuwa nao kabla. Marekani baadhi ya kampuni wanaukubali ugonjwa wa zamani ila tu ukinunua bima ndani ya siku 14 au 21 tangu ulipe dipoziti, watu wengi wanakuja kulijua hili mwezi wa mwisho. Na nawa mikono kwa sabuni na maji kila kabla ya kula, ule ugonjwa wa tumbo wa norovirusi ukiingia melini dawa ya kupaka mikononi haiuwezi vizuri.

Mzee naye mwambie aulize kama ratiba ina Glacier Bay, ile ghuba ya mito ya barafu, kwa sababu wanaruhusu meli kubwa 2 tu kwa siku, sio kila meli ya Alaska inaingia.

SWALI: Mto au bahari? Rafiki zangu wanasema Danube, mimi nataka bahari.

JIBU: Mtoni hakuna mawimbi, unashuka katikati ya mji, na boti zina watu kama 190 hivi. Nauli kwa usiku ni kubwa lakini matembezi mengi yako ndani yake. Ambacho hawakwambii ni kwamba daktari kwa kawaida hayumo, lifti mara nyingi haifiki staha zote, na boti zinafungwa ubavu kwa ubavu, unaamka unafungua pazia la balkoni yako uliyoilipia unaona pazia la jirani, na wakati mwingine kushuka kwako ni kupita ndani ya boti mbili za watu. Ukame nao upo, 2018 na 2022 maji ya mto Rhine yalishuka sana na baadhi ya abiria safari yao wakaimalizia kwa basi, Danube nayo 2022 haikupona. Ukitaka mto chagua Mei, usichague Agosti au Septemba. Lakini wewe umeshasema unataka bahari, rafiki zako waende Danube mkutane mkirudi.