Maswali ya Wasomaji: Kuchora Viumbe na Kuhifadhi Picha za Kale

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa muda mrefu nimekuwa nikichora mimea, ndege na wadudu kwa penseli na rangi za maji, na baadhi ya kazi zangu zimeanza kununuliwa. Sasa navutiwa na kazi ya kuhifadhi picha za kale, kwa kuwa naamini mkono uliozoea kufuata mishipa ya jani unaweza pia kujazia rangi pale ilipobanduka. Je, kazi hizi mbili zinaweza kufanywa na mtu mmoja bila moja kuiharibu nyingine? – Mchoraji wa Majani

JIBU: Ndugu Mchoraji wa Majani, zinaweza, ila nakuomba uitazame upya sababu inayokuvuta. Kujazia rangi ni sehemu ndogo ya uhifadhi, tena huja mwishoni, baada ya picha kuchunguzwa, kuandikiwa taarifa, kugandishwa magamba ya rangi yanayotaka kudondoka na, ikibidi, kuondolewa uchafu pamoja na vanishi iliyogeuka manjano. Mhifadhi anaweza kukaa majuma kadhaa bila kushika brashi ya rangi. Anachoshika ni hadubini na vijiti vya pamba, ambavyo wakati mwingine huloweshwa kwa mate, kwa sababu mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu wa juu bila ukali wa viyeyushi. Kwa hiyo unachokuja nacho chenye thamani kubwa zaidi ni jicho lako.

Chukua mfano wa picha za maua na matunda zilizochorwa Uholanzi katika karne ya 17. Katika baadhi yake majani ni ya buluu, na mtazamaji wa kawaida hupita akidhani kwamba mchoraji alipenda hivyo. Anayechora mimea kila siku hawezi kupita kirahisi namna hiyo, kwa kuwa anaona kwamba umbo la jani, mishipa yake na namna mwanga unavyoliangukia vimechorwa na mtu aliyelitazama jani halisi kwa makini, na ni rangi peke yake isiyokubaliana na hayo yote. Sababu ni kwamba wachoraji wengi wa wakati ule walipata kijani kwa kuchanganya buluu na manjano ya mimea, au kwa kupaka manjano hiyo juu ya buluu. Manjano haikustahimili mwanga, ikafifia, na buluu ikabaki peke yake. Kijani kilichotengenezwa kwa shaba nacho huweza kugeuka kahawia, hata jani lililochorwa likiwa bichi likaonekana limenyauka. Shaka ya mchoraji si ushahidi, na ni lazima ithibitishwe kwa hadubini na uchunguzi wa kemikali, lakini humwonyesha mhifadhi mahali pa kuanzia.

Hapo hapo ndipo mtihani wako ulipo, maana ukishajua kwamba jani lilikuwa kijani utatamani kulirudishia kijani chake, na hiyo siyo kazi ya mhifadhi. Rangi ya awali iliyobaki haifunikwi, hata kama imebadilika. Kinachojaziwa ni pengo tu, tena kwa rangi inayoweza kuondolewa baadaye bila kuidhuru ile ya awali. Cesare Brandi, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya uhifadhi iliyoanzishwa Roma mwaka 1939, alishiriki kukuza njia ya kujazia mapengo kwa mistari myembamba ya wima, ambayo kwa mbali huungana na picha lakini kwa karibu humwonyesha mtazamaji wazi kwamba pale pameguswa. Binafsi naipenda njia hiyo kwa uaminifu wake, ingawa wahifadhi wengi huchagua kujazia kusikoonekana kabisa, wakitegemea taarifa zilizoandikwa na mionzi ya urujuanimno (ultraviolet), ambayo mara nyingi huonyesha marekebisho ya karibuni kama mabaka meusi juu ya vanishi ya zamani.

Katika kuchora viumbe mambo ni kinyume. Maria Sibylla Merian, mchoraji na mchunguzi wa wadudu, alisafiri hadi Suriname, Amerika Kusini, mwaka 1699 ili awaone wadudu wakiwa hai juu ya mimea wanayoila, na thamani ya michoro yake inatokana na ushahidi wake mwenyewe. Endelea kuchora kwa namna hiyo, lakini ukikaa mbele ya picha ya mtu mwingine na kukuta kipepeo aliyekosewa mabawa, mwache na kosa lake.

Kuhusu masomo, anza na kemia, kwa kuwa hiyo ndiyo inayowakwamisha wachoraji wengi. Mafunzo kamili, kama yale ya Courtauld, taasisi ya sanaa mjini London, au ya Hamilton Kerr, taasisi ya Chuo Kikuu cha Cambridge, hutolewa kwa kiwango cha baada ya shahada ya kwanza. Fikiria pia uhifadhi wa kazi za karatasi, ambao uko karibu zaidi na rangi zako za maji. Sungura wa mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, aliyechorwa kwa rangi za maji mwaka 1502, huonyeshwa Vienna kwa vipindi vifupi tu, kwa sababu mwanga hudhuru kazi za aina hiyo. Kiwango cha mwanga kinachopendekezwa kwa kawaida ni takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu).

SWALI: Je, wakati nikisubiri masomo, naweza kujizoeza kwa kusafisha picha za zamani za jamaa na marafiki? – Msomaji wa Pili

JIBU: Hapana. Kiyeyushi kinachoondoa vanishi kinaweza kuondoa na rangi iliyo chini yake, na rangi iliyokwisha kuyeyuka hairudi. Isitoshe, viyeyushi vingi vina mvuke wenye madhara, na rangi nyeupe ya zamani aghalabu ni ya madini ya risasi, ambayo ni sumu. Jizoeze kwa kunakili: andaa ubao au turubai kwa utaratibu wa zamani, kisha paka tabaka moja baada ya jingine. Picha ya jamaa yako unaweza kuitumia bila kuigusa, kwa kuchora ramani ya kila ufa, kila gamba lililoinuka na kila doa, kwa vipimo sahihi. Ramani kama hizo wahifadhi huzitengeneza kila siku, na anayechora vizuri huziandaa haraka kuliko wengine.