Jibu kwa anayetaka kununua beli la jinzi ashone mikoba

Dada, umeuliza kama akiba yako uitie kwenye beli zima la jinzi za mitumba ndipo uanze kushona mikoba. Mimi hiyo mikoba ndiyo inayonilisha hapa Nairobi, na nakwambia beli liache. Lina kilo 45 hivi, na unalilipia likiwa bado limefungwa. Muuza nguo anaweza kubahatisha kwa sababu suruali chache kali zinamrudishia hela ya zile mbovu. Wewe huna haja na suruali kali. Unachotafuta ni kitambaa.

Kwa hiyo soko la mitumba la Gikomba nenda mchana. Alfajiri waachie wanaowania kamera, zile nguo za kwanza kuchaguliwa beli likipasuliwa. Wewe subiri fagia, mabaki ambayo kila mtu ameshayapekua. Suruali iliyotoboka magoti na kufa zipu hakuna anayeitaka, na wakati huohuo kitambaa chake kuanzia nyuma ya goti kwenda chini ni kizima kabisa. Chukua saizi kubwa za wanaume, maana mguu mmoja ukiufumua unapata kipande kipana. Jinzi zinazovutika usiguse. Mkoba wake ukitiwa vitu unalegea kama soksi iliyokatika lastiki. Bitana, kitambaa cha ndani ya mkoba, utaipata kwenye mapazia na shuka za mitumba, au mgongo wa shati la kiume.

Kuna faida ya mtumba isiyotajwa na watu: umefuliwa mara nyingi, kwa hiyo umeshamaliza kunywea. Ukiweka ndani yake bitana mpya ya pamba ambayo haijaona maji, mteja akifua mara ya kwanza bitana inanywea, jinzi inabaki ilivyo, mkoba unajikunja. Bitana mpya ifue kwa maji moto kabla ya kuikata. Na kama unataka kupaka rangi, chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu, na kitambaa hicho hakitashika rangi ya pamba.

Sasa kushona. Tabu ya jinzi ni pale mishono miwili minene inapokutana, hasa kwenye kitako cha mkoba. Tumia sindano namba 18 na uzi mzito wa poliesta. Weka hiyo sehemu juu ya ubao, iponde kwa nyundo mpaka ilale. Ukiifikia, acha kukanyaga; zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, tundu moja moja, huku umekunja kibaki cha jinzi na kukiweka nyuma ya kiguu cha cherehani ili kiguu kisiinamie upande mmoja. Fundi mwenye haraka hapo huvunja sindano, na kipande kinaweza kumrukia jichoni.

Vishikio ni mikanda ya kiunoni ya suruali zilezile. Ukitaka vya ngozi, nenda soko la Kariokor. Zipu za suruali ni fupi mno kwa mkoba. Tafuta koti bovu lenye zipu ndefu ya chuma, mara nyingi koti zima linakuja kwa bei ndogo kuliko zipu mpya.

Bei ndipo wengi wanapojiibia wenyewe. Wanahesabu fagia na uzi, basi. Kufumua je? Kufua? Na Julai, jua likikosekana, jinzi hazikauki upesi. Jilipe kama ambavyo ungemlipa fundi wa kuajiriwa, ndipo uongeze faida. Ukipeleka Maasai Market, soko la kazi za mikono, kumbuka madalali wanaozungusha watalii nao wanataka chao, na hicho lazima kiwe ndani ya bei tangu mwanzo. Binafsi napendelea wateja wa maofisini: umbo moja la mkoba, rangi tofauti, na picha ya mkoba uleule atakaopokea, si unaofanana nao.

Weka gunia moja la jinzi za akiba nyumbani, si kibandani. Gikomba huungua mara kwa mara, na Machi 2020, corona ilipoingia, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa miezi kadhaa.

Halafu lebo za kampuni kubwa zing'oe zote kabla ya kuuza. Mteja akikuta jina la kampuni fulani mfukoni ataanza kukuuliza kama ni orijino, na hapo mtabishana mpaka jioni.