Swali la lugha: Taarifa, kumbukumbu au nyaraka?

SWALI: Mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja Tanzania. Tunahamia ofisi mtandao, na barua tuliyoletewa inasema: "Taarifa zote za masjala ziskaniwe, kisha nyaraka ziteketezwe." Aya inayofuata inaendelea: "Kumbukumbu zikishahuishwa, data ziingizwe kwenye mfumo." Je, maneno haya manne yana maana moja?

JIBU: Hayana, ndugu yangu. Katika barua kama hiyo, kuyachanganya kunaweza kuifanya ofisi iteketeze kitu kinacholindwa na sheria.

Nianze na kumbukumbu, maana ndiyo kazi yako. Kiofisi, kumbukumbu ni kinachobaki kuwa ushahidi kwamba jambo fulani lilifanyika: barua iliyopokewa, dokezo la kuidhinisha malipo, muhtasari wa kikao. Si lazima iwe karatasi. Barua pepe ya mkurugenzi anayeidhinisha safari ni kumbukumbu kamili. Kinachoipa hadhi hiyo ni kujulikana imetoka kwa nani, lini, kwa shughuli gani, na imekaa kati ya folio zipi, yaani hati zilizopewa namba kwa mfuatano ndani ya jalada. Ukiskani barua ukaiacha kwenye kompyuta bila namba ya jalada wala ya folio, maneno yake yote yatasomeka, lakini atakayeitafuta miaka ishirini baadaye hataweza kuitegemea kama ushahidi.

Hayo maneno yanayosomeka ndiyo taarifa. Chukua cheti cha kuzaliwa. Kilichoandikwa katika daftari la vizazi la RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, ni kumbukumbu. Jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa ni taarifa. Taarifa hizo zinaweza kunakiliwa NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), shuleni na benki, lakini kumbukumbu ya kizazi kile inabaki pale pale ilipoandikishwa. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anapotakiwa kuhakiki cheti chake RITA, taarifa za cheti zinalinganishwa na kumbukumbu ya usajili. Ukiandika kwamba taarifa zinalinganishwa na taarifa, msomaji hajui tena ipi inaihakiki ipi. Na karani wa dirishani akimwambia mtu "taarifa zako hazisomi", ana maana kwamba hazionekani kwenye mfumo. Huenda kumbukumbu ipo salama daftarini, na mwananchi ana haki ya kuuliza kama imetafutwa huko.

Data nitaipita haraka. Ni tarakimu, majina na alama kabla hazijapangwa zikaeleza jambo. Utasikia "data hii" na "data hizi". Chagua moja, usibadilishe katikati ya barua.

Nyaraka ndilo neno gumu kuliko yote hapa, kwa kuwa lina matumizi matatu. Umoja wake ni waraka, na katika utumishi wa umma waraka ni maelekezo yanayoshuka kutoka juu: Waraka wa Utumishi, Waraka wa Elimu. Katika mazungumzo ya kila siku nyaraka ni hati zozote, kama tunavyosema "ambatisha nyaraka zako". Matumizi ya tatu ni ya kitaalamu: kumbukumbu zilizomaliza kazi yake ofisini, zikachaguliwa kuhifadhiwa daima kwa thamani yake. Ndiyo sababu tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria ya mwaka 2002 inayobeba maneno yote mawili katika jina lake. Kenya, mahali zinapohifadhiwa huitwa makavazi. Sasa isome tena ile "nyaraka ziteketezwe" kwa sikio la mtaalamu wa idara hiyo: mwandishi ameagiza zichomwe zile zilizoteuliwa kudumu. Sidhani alikusudia hivyo, lakini ndivyo alivyoandika.

Kuhuisha ni neno zuri na nafurahi kuona limeshika mizizi maofisini. Linakwenda na taarifa: anwani mpya, namba mpya ya simu, cheo kipya. Wakenya wengi watasema kusasisha, nalo ni sahihi. Lakini kumbukumbu haihuishwi. Barua ya mwaka 1998 itabaki kama ilivyoandikwa mwaka 1998, pamoja na makosa yake. Marekebisho huja kwa barua au dokezo jipya linalopewa folio yake. Mfumo unaoruhusu mtu kufuta ya zamani na kuandika juu yake, bila kuacha alama ya nani kafanya hivyo na lini, umeivunja kumbukumbu hata kama umeitwa wa kisasa.

Ningekuwa mwandishi wa barua ile ningeandika hivi: "Kumbukumbu hai za masjala ziskaniwe na kuingizwa kwenye mfumo, kila moja na namba ya jalada na ya folio. Taarifa za watumishi zihuishwe kwa kuongeza uthibitisho mpya jaladani. Kumbukumbu tuli zitengwe na kuorodheshwa. Kumbukumbu yoyote isiteketezwe kabla ya kibali cha Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa." Kumbukumbu hai ni zile zinazotumika bado kazini; tuli ni zile ambazo hazitumiki tena mara kwa mara. Neno data halikuhitajika. Mrudishie mkuu wako rasimu hii kwa dokezo, na dokezo hilo ulipe folio.