Wateja wanasema nina roho mbaya usoni

Shikamoo mama. Nina miaka 26, nauza viatu vya mitumba soko la Memorial, Moshi. Nikikaa kimya watu hudhani nimenuna. Juzi kaka mmoja alishika kiatu, akanitazama, akakirudisha, akaenda kununua kwa jirani. Huko akasema, "Yule dada ana roho mbaya, si unamwona uso?" Kweli roho huonekana usoni?
Msomaji, Majengo

Marahaba mwanangu. Haionekani. Midomo yako huenda imeinama pembeni kwa maumbile, na kwa kuwa mtu mwenye hasira naye huinamisha midomo, anayekutazama anasoma hasira isiyokuwepo.

Tena anasoma upesi mno. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu sura za wageni kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Hukumu zao, nani mwaminifu, nani mkali, zilikaribiana sana na za waliotazama bila kuwekewa muda. Waliopewa nafasi zaidi walizidi kujiamini. Yule kaka alimaliza kesi yako kabla hajauliza bei.

Kabla ya safu hii nilipiga picha za pasipoti miaka 11, Arusha, karibu na Mnara wa Saa. Siku moja alikuja mama anayeomba kazi. Picha ya kwanza taa ilikuwa juu mno, macho yakaingia kivulini, akatoka mkali kama askari. Nikashusha taa, nikamwuliza habari za wanawe, nikapiga tena. Picha zikiwa mezani, mteja aliyefuata akauliza kama hao ni ndugu wawili. Dakika hazikufika tano! Roho ya yule mama ilikuwa ileile, na mwajiri angeona picha moja tu. Hilo huniuma mpaka leo.

Kwa hiyo angalia turubai lako. Likikutia kivuli machoni, lisogeze nyuma uso upate mwanga wa mbele. Usijilazimishe kucheka kutwa, utachoka na watu watajua. Wahi kwa sauti: "Karibu kaka, unavaa namba ngapi?" Aisikie kabla hajakukazia macho.

Na yule kaka akipita tena, mwulize kama kiatu alichonunua kwa jirani kilimkaa vizuri.